Zumari Isiyokuwa Zumari

Jina ni mlango wa kitu, lakini si kila mlango ufunguao nyumba itafutwayo. Nilikumbushwa neno hili katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same, nyumbani kwa mzee mmoja aliyenionyesha bomba fupi la mti mweusi, lenye mdomo mpana upande wa chini. Kipulizio chake kilikuwa kimepotea, vifuniko vya madini vimeng'oka, na baadhi ya matundu yamezibwa kwa nta. Nilitazama mara moja, nikaandika kwa wino katika daftari langu: zumari.

"Umeandika nini, mwanangu?"

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umemtoa baba yangu katika bendi. Alikuwa askari wa Keya. Zumari hakuipuliza maisha yake."

Niliona haya. Shahada yangu ya udaktari ilinifundisha kuyapima maneno, nami nililisahau funzo langu mwenyewe. Zumari ya pwani yetu ilipata jina lake katika Kiarabu, na Misri iko ala iitwayo zummara, jina la shina lile lile. Hata hivyo, ndugu hawa wa jina si ndugu wa damu. Zumari yetu hulia kwa ndimi mbili zinazogongana, nayo ni ya ukoo wa obo. Zummara ina mabomba mawili, kila moja na ulimi wake mmoja. Hiyo ni ya ukoo wa klarineti. Ndivyo Hornbostel na Sachs walivyozigawa ala mwaka 1914: kwa ulimi, si kwa jina.

Ala ya mzee haikuwa na ulimi wa kutoa ushahidi, basi tukauliza tundu. Tundu la zumari hupanuka kidogo kidogo kama pembe. La klarineti, ambayo Johann Christoph Denner wa Nuremberg aliitengeneza mwanzoni mwa karne ya 18, ni sawasawa kama mwanzi mpaka karibu na mdomo. Ndiyo sababu zumari ikipulizwa kwa nguvu huruka sauti ya nane, na klarineti huruka ya kumi na mbili. Mjukuu alichonga ufito wa kuenea juu. Ukashuka bila kulegea hata karibu na mwisho.

Mti wenyewe ulifanana na mpingo, ambao mafundi wa Ulaya huutaka sana kwa klarineti. Huenda ulitoka nchi hii kwa meli, ukarudi mkononi mwa askari.

Nilipiga mstari juu ya neno langu, ila sikulifuta, ili wanafunzi wangu walione kosa.

"Soma tena," mzee akasema.

"Klarineti ndogo ya bendi."

"Na mwenyewe?"

Nikaandika jina la baba yake.