Ziba: mbio za baiskeli zisizo na kombe

Ukitaka kuziona mbio za baiskeli za Ziba, usisubiri sikukuu wala usitafute bango. Amka saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku yoyote ya shule, vaa sweta (ndiyo, mwezi wa sita huku kuna baridi) na usimame kando ya barabara. Utaanza kusikia kengele, kisha cheni inayolia kwa kukosa grisi, na ndipo utawaona: wanafunzi wa sekondari, mashati meupe gizani, madaftari yamefungwa kwenye keria kwa kipande cha tyubu kuukuu. Wengine wamebebana, mmoja ananyonga, wa pili yuko kwenye keria, wa tatu amekaa kwenye bomba la mbele. Hakuna mwamuzi wala jezi. Lakini waangalie wanavyopitana kabla ya kengele ya shule, utajua kwamba hizi ni mbio kwelikweli.

Ziba ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Kwa sisi wa Dar, safari siku hizi imekuwa nyepesi kidogo. Tangu mwaka 2024 unaweza kupanda treni ya SGR hadi Dodoma, ukalala, halafu kesho yake ukashika basi la Singida na Igunga. Baada ya Singida basi linateremka milima ya Sekenke, na ghafla nchi yote inakuwa tambarare. Hilo ndilo bonde la Wembere. Kuanzia hapo mpaka Nzega utahesabu migunga, ng'ombe, majaruba ya mpunga na baiskeli. Baiskeli kwa sana!

Mimi ni Mzaramo niliyeolewa na Mnyamwezi, yaani nimeolewa na mtani wangu. Kwa hiyo mambo ya ukweni nayasema bila woga, na wao wananirudishia bila huruma.

Msimu una hatua nne

Ukiwauliza wanafunzi wa huku msimu wao unaanza lini, watakwambia Januari, shule zinapofunguliwa. Na ndio wakati mgumu. Mvua imeshanyesha na udongo mweusi wa mbuga umegeuka gundi. Matope yanajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ndipo utaona kituko: jana baiskeli ilimbeba mtu, leo mtu ameibeba baiskeli begani, viatu mkononi, sketi imekunjwa magotini.

Hatua ya pili ni mavuno, kuanzia mwezi wa tano. Barabara imekauka, hali ya hewa ni murua, ungedhani sasa watoto wanapeta. Wapi! Kumbuka kwamba nyumba nyingi zina baiskeli moja tu, na hiyo ni ya baba. Wakati wa mavuno baiskeli hiyo inatakiwa kubeba mahindi, alizeti na pamba. Mwanafunzi anarudi kwa miguu.

Hatua ya tatu ni kiangazi, Agosti mpaka Oktoba. Njia za vijijini zinakuwa mchanga mtupu, tairi inazama, jua halina utani, na miba ya migunga imetawanyika kila mahali. Huu ni msimu wa mafundi. Chini ya mti utamkuta fundi na karai lake la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu kwa kuangalia mapovu. Fundi mmoja aliniambia kwamba zile baiskeli za gia tunazoziita za milimani, zile za kupendeza za mjini, zikifika huku anaziondoa gia na kubakiza moja tu, kwa sababu mchanga unazitafuna. Wenyeji wanapenda zaidi zile nzito za zamani kama Phoenix, zenye fremu ya chuma na keria inayobeba gunia.

Hatua ya nne ni Novemba, mtihani wa kidato cha nne. Huo ndio utepe wa kumalizia. Wanaoufikia ni wachache kuliko walioanza.

Barabara imezoea

Kusema kweli, nchi hii ilikuwa na mbio zake kabla baiskeli haijavumbuliwa. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Unyamwezi, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na marobota ya vitambaa, mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, mwendo wa miezi mitatu hivi kutoka Tabora hadi pwani. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani alionekana bado mtoto. Kuoa kwenyewe kulikuwa kwa shida, maana nani atamwoza binti yake mtu asiyejua safari? Utani wetu Wazaramo na Wanyamwezi nao tunaambiwa ulitokana na misafara hiyohiyo.

Kwa hiyo ukimwona kijana wa Igunga amefunga magunia mawili kwenye keria, anasukuma kwenye mchanga huku anakusalimia kwa tabasamu, ujue anafanya kazi ambayo babu wa babu yake aliifanya bila magurudumu. Kule Shinyanga na Kahama baiskeli za kubeba abiria ziliitwa kabisa "daladala".

Tofauti ni kwamba safari ya zamani ilimpa heshima zaidi kijana wa kiume. Safari ya leo, ile ya kwenda shule, inamhusu pia dada yake.

Binti na lifti

Hapa ndipo utamu wa safari unapoingia ndimu. Shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2000, na tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa. Ni hatua kubwa, hakuna ubishi. Lakini kata za huku ni pana, kaya zimetawanyika mashambani, na kwa baadhi ya watoto shule "ya karibu" bado ni mwendo wa kilomita nyingi kwenda na kurudi.

Mvulana akikosa baiskeli, atatembea au atadandia ya rafiki. Msichana akikosa baiskeli, kuna mtu anasubiri kumpa lifti ya pikipiki. Mara ya kwanza bure. Mara ya pili bure. Mwisho wa hadithi unaujua. Sheria ni kali: tangu 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Lakini sheria haiko pale njiani saa kumi na mbili asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, kama 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni Shinyanga tu iliyozidi, kwa nukta chache.

Je, baiskeli inasaidia au ni maneno ya watu wa mjini? Imepimwa. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, India, ilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipofuatilia, walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Zambia nako wasichana wa vijijini walipewa baiskeli, na baada ya mwaka mmoja utoro ulikuwa umepungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na wenzao wasiopewa. Muda wa njiani ulipungua kwa theluthi moja. Chuma, tairi mbili na cheni, basi.

Bado utasikia wazee wachache wakisema eti baiskeli si kitu cha mtoto wa kike, itamharibu. Mama mkwe wangu ana jibu lake: "Kinachomharibu mtoto hakina pedeli, kina injini."

Kikao cha ukweni

Sasa nikuchekeshe kidogo, ingawa mwisho wake si wa kuchekesha sana. Tulipokwenda Igunga, mume wangu alikuwa na akiba yake ya kusaidia nyumbani. Shemeji yangu, mdogo wake, alitaka kuongezewa ili anunue bodaboda. Wifi yangu mdogo, kidato cha pili, hakutaka kitu. Alikuja tu akapiga magoti, "Shikamoo wifi," akaondoka kwenda kuosha vyombo. Viatu vyake vilikuwa vimeisha upande mmoja, visigino vimelala kabisa.

Usiku tukabishana, sauti ya chini, si unajua nyumba za ukweni kuta zina masikio. Mume wangu: "Pikipiki inaingiza hela kila siku. Baiskeli inakula viraka." Mimi: "Pikipiki itamlipa shemeji. Nani atamlipa wifi?" Akasema mimi mtu wa pwani sijui maisha ya huku. Nikamwambia pwani ndiko babu zake walikokuja kutafuta akili. Akacheka, na mtu akishacheka mazungumzo yanawezekana.

Tuliamua baiskeli kwanza, pikipiki mwakani kama Mungu akipenda. Shemeji alinuna siku mbili. Mama mkwe akaweka sharti mbele ya wote: baiskeli ni ya mtoto, na siku za shule haiguswi. Je, sharti lilishikwa? Kwa sehemu. Wakati wa kuvuna pamba ilichukuliwa wiki mbili nzima, na wifi akatembea. Mume wangu alipiga simu, tena bila mimi kumsukuma. Ikarudishwa. Ndiyo maana nasema zawadi ya baiskeli bila makubaliano ya familia ni zawadi ya baba mwenye nyumba.

Kombe liko wapi?

Jambo moja linanishangaza. Mashindano ya UMISSETA, yanayokutanisha sekondari za nchi nzima, yalifanyika mkoani Tabora mwaka 2022 na 2023. Utakuta soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, riadha. Baiskeli hakuna. Katika mkoa ambao mtoto anafanya mazoezi ya baiskeli siku tano kwa wiki bila kocha!

Si kwamba mchezo huu ni mgeni. Miaka ya 2000 Mwanza ilikuwa na mbio kubwa zilizodhaminiwa na Vodacom, na wapanda baiskeli wa Kanda ya Ziwa walitamba. Marekani, sekondari zina ligi za baiskeli za milimani zilizoanzia California mwaka 2001, na sifa yao kubwa ni kwamba hakuna mwanafunzi anayekaa benchi, kila aliyejiandikisha anakimbia. Na jirani zetu Rwanda? Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Malori yanayopita Igunga kwenda Rusumo yanaishia hukohuko Kigali. Yaani ni barabara ileile, wewe endelea tu kunyonga.

Fikiria sekondari za tarafa moja zinakutana Jumamosi, wavulana na wasichana, kilomita 20 za mchanga, baiskeli yoyote uliyo nayo. Mzazi akimwona binti yake amevishwa medali juu ya baiskeli, nadhani hata mwezi wa mavuno atafikiri mara mbili kabla ya kuichukua.

Mkienda wawili

Nenda Juni au Julai, barabara zikiwa kavu na asubuhi zikiwa na baridi ya kukumbatiana. Laleni Igunga au Nzega, halafu mfanye matembezi ya mchana vijijini. Kodini baiskeli kwa fundi, mlipeni vizuri, na mkague breki kabla ya kuondoka. Beba pampu, viraka na solusheni. Maji ya kunywa usiseme. Asubuhi salimia "Mwangaluka", utaona uso wa mtu unavyofunguka. Kula michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Mkipata siku ya ziada, teremkeni Tabora kwa lami kupitia Nzega, mkaone tembe la Livingstone pale Kwihara, alipoishi na Stanley mwaka 1872.

Na mkiwa njiani, mwanaume, mbebe mwenzako kwenye keria walau kilomita moja ya mchanga. Kisha mbadilishane, naye akubebe. Mkishahema vya kutosha, kaeni chini ya mgunga mjibizane swali hili: nyumbani kwenu, kwako na kwake, ni msichana gani anayetembea kwenda shule kesho asubuhi?