Tunduma: Kila Subaru 'Ni STI' Mpaka Boneti Ifunguliwe

Msomaji, kama wewe ni mgonjwa wa magari, usisumbuke kutafuta tiba Dar. Panda basi la Tunduma. Ni zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM, mgongo utauma, lakini ukishafika utaelewa kwa nini wenyeji wa kule hawageuzi shingo wakiona mkoko mpya. Wao magari yanawapita mlangoni kama mbuzi wanaokwenda mnadani.

Tuanzie safari yetu Mbeya mjini. Kutoka hapo ni kama kilomita 100 tu. Unapita Mlowo, mashamba ya kahawa ya Mbozi kulia na kushoto, halafu Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hali ya hewa ni ya baridi, kwa hiyo koti usiache nyumbani ukajifanya kidume.

Ukiwa maeneo hayo ya Mlowo na Vwawa, fanya jambo moja ambalo madereva wengi wa malori hawajawahi kulifanya: acha lami, ukakione kimondo cha Mbozi pale kilima cha Marengi. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake kama mita 3, na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Kwa mbali unaweza kudhani ni jiwe la kawaida lililochoka na mvua. Ukikisogelea, utaona alama ya msumeno. Miaka ya 1930 wataalamu walikikata kipande wakaenda kukipima. Wakakuta ni chuma, karibu asilimia 90, kilichochanganyika na nikeli, mchanganyiko unaokutwa kwenye vimondo. Hakuna aliyeridhika na hadithi wala umbo. Walikata ndani.

Shika hilo la msumeno, maana huko mbele Tunduma utalihitaji.

MJI WA FOLENI

Kabla hujaingia mjini utayaona malori yamejipanga kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, mpaka unajiuliza kama ulimwengu mzima umeamua kuhamia Zambia siku moja. Mengine yanakwenda Zambia kweli, mengine yanapitiliza mpaka Kongo. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha huduma za pamoja mpakani, lakini mji wenyewe haujui mpaka ni nini: mtu anakunywa chai Tanzania, anakwenda kumsalimia shangazi Zambia, anarudi kabla chai haijapoa. Wabadilisha fedha wanakuitia kwacha, Kinyamwanga na Kibemba vinapishana na Kiswahili, na dereva wa Kongo anaagiza chipsi kwa Kilingala na bado anaeleweka.

Katikati ya vurugu hiyo yanapita magari madogo yaliyoshushwa bandari ya Dar, yenye vibao vya IT, yakienda kwa wenyewe Zambia na Kongo. Vitz, Spacio, Allion, Noah. Ni magari ya watu wenye akili na familia. Lakini mara mojamoja inapita ile yenye mlio wa kubweka, spoila kama meza ya kupigia pasi, rimu za rangi ya dhahabu. Vijana wote wa kijiweni wanasimama. "Impreza hiyo, mwana!"

Na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mji wenye macho yaliyozoea magari una pia madalali wenye ndimi zilizozoea macho.

"BRAZA, HII NI STI KABISA"

Nimeshuhudia biashara moja pembeni ya gesti, si mbali na barabara ya kwenda Sumbawanga. Gari: Subaru Impreza ya bluu, namba za Tanzania, imeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nyuma herufi za pinki: STI. Mnunuzi: kijana wa Mbozi, mshiko wa misimu mitatu ya kahawa uko benki unamsubiri. Dalali: mtu mzima, miwani ya jua, na jua lenyewe limeshazama.

"Braza, hii ni STI original. Sikia hata mlio wake."

Kijana alikuja na fundi wake, mzee mmoja mpole mwenye kitambaa begani. Mzee hakusikiliza mlio. Akasema, "Mdogo wangu, mlio hauandikwi kwenye kadi. Fungua boneti."

Akapitisha kitambaa kwenye ukuta ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ndipo namba ya chesisi ya Impreza inapopigwa, kwenye bodi yenyewe. Akasoma kwa sauti, taratibu kama anayesoma barua ya posa: "G... D... A." Akanyamaza. Akaingia ndani, akatazama mkono wa gia. Gia 5. Akatoka.

"Gari zuri hili, bosi. Lakini jina lake WRX."

Dalali akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu. Eti tofauti ni ndogo. Mzee akamjibu, "Basi na bei iwe na tofauti ndogo."

HERUFI TATU ZENYE MAMILIONI

Tuelezane, maana hapo ndipo pesa zilipo. STI ni kifupi cha Subaru Tecnica International, tawi la michezo lililoanzishwa mwaka 1988. Sisi Afrika Mashariki hatukuipenda Impreza kwa kusoma vitabu. Tuliiona ikila vumbi. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili Safari Rally ya Kenya nayo mwaka 1996, Colin McRae akashinda mwaka 1997. Tangu hapo kila kijana mwenye leseni anaota bluu na dhahabu.

Kwa Impreza za soko la Japani za mwaka 2000 hadi 2007, mambo yako hivi. Chesisi inayoanza na GDA ni WRX: turbo ipo, nguvu farasi 250 kwa hesabu ya kiwandani, gia 5 za mkono au otomatiki. Inayoanza na GDB ndiyo STI: farasi 280 na giaboksi ya gia 6 za mkono. Kwa hiyo ukiambiwa "hii GDB lakini otomatiki," aga kwa adabu uondoke. GD2 na GD3 ni za sisiem 1500, GD9 ni ya 2000 isiyo na turbo. Hizo nazo watu huzitoboa boneti, wakazipachika pua ya kunusia upepo ambayo haina cha kunusia.

Usiridhike na herufi za injini. Ubavuni utaona EJ20, na EJ20 imefungwa pia kwenye Legacy na Forester. Manifodi nyekundu ya STI? Kopo la rangi linauzwa kila duka la vipuri. Breki za Brembo? Zinafungwa na kufunguliwa. Viti? Vina boliti nne. Nembo? Gundi tu, mshikaji.

Na ile Impreza ya zamani, ya miaka ya 1990, ina mtego wake. GC8 ni jina la ukoo: WRX ni GC8, STI ni GC8. Hapo herufi za mwanzo hazikusaidii. Soma kibati chote cha modeli, herufi kwa herufi, ukalinganishe. Akitokea mtu wa kukuuzia 22B, ile ya mwaka 1998 iliyotengenezwa 400 tu kwa ajili ya Wajapani, hesabu milango kwanza. 22B ina milango miwili na injini ya sisiem 2200. Yenye milango minne ni ndoto ya mwenyewe.

WATU WA TOYOTA MSICHEKE

Nanyi yenu yapo. Altezza zimejaa mjini, na karibu kila moja nyuma imeandikwa RS200. Fungua boneti, soma kibati. SXE10 ndiyo RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda 4. GXE10 ni AS200, injini 1G-FE ya silinda 6, ambayo kwa nguvu iko chini. Wengi huingizwa mjini hapo kwa hesabu ya darasa la kwanza: 6 ni kubwa kuliko 4, basi hii ndiyo yenyewe. Siyo.

Kwenye Mark II, mzigo wa kweli ni Tourer V, 2500 yenye turbo, injini 1JZ-GTE. Ile T katikati ya GTE ndiyo turbo. GX100 haikuzaliwa Tourer V hata ifungwe herufi gani nyuma. Lakini shika na hili: JZX100 peke yake nayo haitoshi, kwa sababu Grande ya 2500 na Tourer S isiyo na turbo zote ni JZX100. Inabidi chesisi, kibati na injini vikubaliane, kama mashahidi watatu mahakamani. Mmoja akipindisha maneno, kesi haijaisha.

Na msidhani ni umaskini wetu. Marekani, kwenye nchi ya magari makubwa yenye misuli, mchezo ni ule ule. Pontiac GTO za 1966 hadi 1971 zina namba inayoanza na 242, unazijua mara moja. Ila za 1964 na 1965, GTO ilikuwa nyongeza unayolipia juu ya Le Mans, namba yake haisemi kitu. Mpaka leo Le Mans za kawaida zinavishwa nguo za GTO, na watu wazima wenye mvi wanalala chini ya gari na tochi wakitafuta ukweli.

KARATASI NAZO ZINA MACHO

Ukishamaliza chuma, nenda kwenye karatasi. Omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Hicho kina namba ya chesisi, herufi za modeli, aina ya injini na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Kilinganishe na kadi ya gari, kisha kadi ikahakikiwe TRA. Polisi waulizwe kama gari halijaripotiwa kuibwa. Halafu rudi kwenye chesisi, pitisha kidole. Namba iliyopigwa kiwandani imekaa sawa, kina kimoja, rangi moja na bodi. Ukigusa mkwaruzo wa grenda, alama ya kulehemu au rangi mbichi kuzunguka namba, hapo huuziwi STI bandia tu. Unaweza kuwa unanunua kesi.

Na hapa Tunduma kuna kesi ya aina yake. Wapo watakaokunong'oneza kwamba lipo gari la IT, "limekwama," mwenyewe ana shida, bei ya kuruka. Gari hilo linaweza kuwa STI halisi kabisa, GDB, gia 6, kila kitu. Lakini limeingia nchini kwa kupita tu, kodi ya Tanzania haijalipwa. Ukilitumia huku bila kulilipia ni magendo. Likikamatwa linataifishwa, na wewe unabaki na funguo za kuchezea. Gari linaweza kuwa la kweli, biashara ikawa ya uongo.

Ndiyo maana hili jambo si la mbwembwe. Mkoko kama huo kwa kijana wa kwetu ni kahawa ya misimu mitatu, ni mahindi, ni mkopo wa kikundi, ni kiwanja ambacho hakikununuliwa. Tofauti ya GDA na GDB ni herufi moja, lakini ndani ya herufi hiyo kuna mamilioni ambayo dalali anayajua na wewe huyajui.

Yule kijana wa Mbozi? Walibishana mpaka chai ya tatu. Bei ikashuka ikakaa pale inapokaa bei ya WRX, na akalichukua, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa zima na kadi yake safi. Kabla hajawasha, alimwomba mzee kisu kidogo akabandua zile herufi za pinki, moja baada ya nyingine. Dalali akamuuliza kwa nini anaharibu urembo. "Sitaki kuulizwa njiani," akasema.

Basi, ukipanga safari ya Tunduma, beba koti, tochi, kitambaa cha kufutia mafuta na fundi asiyependa maneno mengi. Mbuzi kwenye gunia husikika akilia tu. Rangi yake utaijua ukifungua. Na ukiulizwa una haraka gani ya kufungua boneti kabla ya kusalimiana, mjibu kwamba huku Songwe hata kilichotoka mbinguni kilikatwa kwanza ndipo kikaaminiwa.