Usinunue wati, nunua spika: somo langu la shilingi 22,000

Leo siongei siasa. Leo naongea kuhusu moshi.

Hii ni ya mwaka jana, kule Mutituni, hapa tu karibu na Machakos mjini. Kulikuwa na ntheo. Kama wewe si Mkamba, ntheo ni zile mbuzi zinazopelekwa kwa kina msichana, na bila hizo wazee hawawahesabu kama mmeoana, hata mkiwa na watoto watano. Bendi ya mjomba wangu ndiyo ilikuwa imeitwa kupiga, na kwa mara ya kwanza mjomba akaniambia, "Solo utashika wewe." Mjomba amepita miaka sitini na vidole vimeanza kukaza. Sijawahi kuona akimwachia mtu mwingine solo mbele ya watu.

Sasa mimi, badala ya kufanya mazoezi, nikaanza kutafuta amplifaya.

Mjomba ana kaamplifaya kadogo, wati 15, spika ya inchi 8, kitambaa cha mbele kimechanika. Niliona ni aibu. Nilikuwa nimetazama video za vijana wa Marekani mpaka bando ikaisha, na nikatoka hapo nikiamini mwanamume hupigia wati 100. Mama akanichukulia 15,000 kwa chama chake, nikaongeza 7,000 zangu, nikapanda matatu hadi Nairobi. Ijumaa jioni nimerudi na mtumba wa wati 100, mzito kama gunia la mahindi. Dukani ilikuwa imelia vizuri sana. Nyumbani stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo sikuijaribu.

Jumamosi, mbele ya wazee, nikachomeka. Haikumaliza hata nusu dakika. Kwanza ilinguruma, halafu harufu ya plastiki, halafu moshi ukatoka kwa nyuma. Shangazi mmoja akauliza kama hiyo ndiyo staili mpya.

Fundi wangu wa mjini alinieleza baadaye. Nyuma ya ile mashine kuna kibandiko kidogo: volti 120. Hiyo ni stima ya Marekani. Yetu Kenya ni volti 240. Dukani waliichomeka kupitia transfoma iliyokuwa chini ya meza, mimi nikapewa adapta ya plagi tu. Adapta inabadilisha umbo la miguu ya plagi, haibadilishi volti hata moja. Na fyuzi ambayo ingekatika na kuokoa mambo, mtu alikuwa ameitoa zamani akaweka kipande cha waya. Waya haukatiki. Transfoma ya ndani ndiyo ilikatika.

Mjomba hakuniambia kitu. Hilo ndilo liliniuma. Alienda tu kwa gari, akaleta kaamplifaya kake, akakaweka juu ya kiti cha plastiki, akasimamisha maiki mbele ya spika, akasema, "Piga." Maiki ikapeleka sauti kwa miksa, miksa ikapeleka kwa zile spika kubwa za uwanjani, na watu mpaka kule kwa masufuria wakasikia. Zile wati 15 kazi yao ilikuwa kunifikia mimi na maiki, basi.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na najua kuna wasee watanipinga.

Kwanza, wati zinatudanganya. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio linaisikia kidogo tu. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, unahitaji kama wati mara kumi. Lakini spika moja ikitoa desibeli 3 zaidi ya nyingine kwa wati ileile, umepata faida hiyohiyo bila kugusa amplifaya. Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo, zipeleke kwa spika.

Pili, angalia ile alama nyuma ya spika inayofanana na kiatu cha farasi. Hizo ni omu: 4, 8 au 16. Amplifaya ya transista ikiandikwa mwisho ni omu 8, usiipe spika ya omu 4, utaichosha hadi iungue. Na waya wa gitaa usiutumie kuunganisha amplifaya na spika, hata kama ncha zinatoshea. Ni mwembamba ndani, haukutengenezewa mzigo huo.

Tatu, jua unapiga muziki gani. Benga ya kwetu, ile iliyojulikana kupitia watu kama Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, inataka kila noti isikike peke yake, solo ikijibizana na sauti ya mwimbaji. Ukiweka ile mikwaruzo ya roki, noti zinakuwa uji. Unahitaji amplifaya inayobaki safi, si inayopiga kelele.

Nne, nunua vitu vidogo kwanza: fyuzi za akiba za kipimo sahihi, waya mzuri wa gitaa, na ekstensheni yenye waya wa ardhi. Kama umewahi kuimba huku umeshika gitaa, stima ya jenereta ikakuuma mdomoni kupitia maiki, unajua naongea nini. Hiyo inaweza kuua mtu.

Sisemi vijana wa video ni waongo. Wanaongea na mtu aliye chumbani kwake, stima haipotei, na duka linakubali kurudishiwa mzigo. Sisi tunapigia chini ya tenti, kwa jenereta ya kukodi, na pesa ni za chama cha mama.

Hizo 15,000 nilizilipa kwa miezi saba. Spika ya inchi 12 ya ile mtumba haikuungua. Fundi aliipima, omu 8 sawa na ile ya mjomba, seremala akanitengenezea sanduku, na sasa kaamplifaya ka wati 15 kanasukuma spika kubwa. Sauti imejaa mpaka mjomba alisimama mlangoni akasikiliza wimbo mzima. Halafu akaniambia, "Hiyo kona ya mwisho bado unaikimbiza."

Kweli, bado naikimbiza. Na hiyo hakuna duka linauza dawa yake.

Wewe pesa yako ya kwanza ya muziki ililiwa na nini? Usione haya, mimi nimeshaanza.