Mistari ya Alfajiri

Kwa zaidi ya miaka 20, Mama alifagia uwanja wa nyumba yetu ya Wazo kila alfajiri. Nikiwa bado kitandani niliusikia ufagio wake wa chelewa. Tulipotoka kwenda shule tulikuta mchanga una mistari iliyonyooka, na sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuivuruga.

Alipofika miaka 63 mgongo ukaanza kumgomea. Daktari akamkataza kuinama. Nilikuwa nimeanza kupata mshahara wa maana, nikaona dawa ni nyasi bandia. Mafundi walisawazisha udongo, wakashindilia kokoto na mchanga, wakatandika zulia la kijani. Nikamwambia, "Mama, sasa pumzika. Hapa hakuna tena cha kufagia." Akanishukuru, akaenda kuuweka ufagio nyuma ya banda la kuku.

Nilikosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa vumbi. Mtaa wetu hauna lami, na kila bodaboda ikipita hutuachia lake. Baada ya mwezi nyasi zilikuwa zimelala, zimepauka. Kuku nao walichangia. Saa saba mchana huwezi kukanyaga bila ndala, maana plastiki haina maji ya kujipoza kama jani halisi. Jumamosi zangu zikaisha hapo: kuokota majani ya mwembe, kusugua kinyesi kwa sabuni ya maji, kusuuza kwa mpira. Jiki marufuku, inaweza kuzichujua rangi. Jiko la mkaa marufuku, cheche moja tu inayeyusha.

Nilipotafuta asili ya mateso yangu nilifika Houston, Marekani, mwaka 1966. Uwanja wa Astrodome ulikuwa na paa la kupitisha mwanga, na wachezaji wa besiboli wakawa hawauoni mpira ukiwa juu kwa sababu ya mng'ao. Paa likapakwa rangi. Nyasi halisi zikakosa jua, zikafa. Ndipo zikaletwa za plastiki. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapa Wazo. Nilicheka peke yangu. Kule kila suluhisho lilizaa tatizo lake, kama kwetu.

Kosa la pili lilikuwa Mama mwenyewe. Aliendelea kuamka alfajiri ileile, akakaa barazani, mikono mapajani. Hakulalamika. Ila majirani waliozoea kumsalimia akifagia wakaanza kuniuliza njiani, "Mama hajambo? Mbona haonekani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa mapumziko ambayo hakuyaomba, na kwa kufanya hivyo nimemnyang'anya saa yake ya kukutana na watu.

Jumamosi moja alinikuta napiga brashi laini, nikifuata upande nyasi zilikolalia.

"Unazidi kuzilaza, mwanangu. Zipandishe."

Akaenda nyuma ya banda, akarudi na ufagio wake. Aliniagiza niufunge kwenye mpini mrefu ili asiiname. Kisha akapiga kinyume na ulalo, taratibu, kipande kwa kipande. Chelewa ni ngumu kiasi cha kuingia katikati ya nyuzi, wala hazikwaruzi kama brashi ya waya. Vumbi likatoka, nyasi zikasimama. Maelekezo yote niliyokuwa nimeyasoma yalisema hivyohivyo: brashi ngumu kidogo, kinyume na ulalo. Sikuwahi kufikiri kwamba brashi hiyo tunayo.

Sasa tumegawana. Maji, sabuni na kinyesi cha kuku ni vyangu. Alfajiri ni yake. Nikiwa kitandani nasikia tena "Shikamoo, Mama" kutoka barabarani, naye akiitikia marahaba bila kusimamisha kazi.

Mwezi uliopita aliniomba nikate zulia karibu na mlango wa jikoni, mchanga urudi. Nilisita, nikikumbuka bei niliyolipa. Halafu nikachukua kisu. Ni kipande kidogo, mita mbili kwa tatu hivi.

Kila asubuhi kina mistari.