Mapitio ya Maandishi: Je, Vitabu vya Busia Vilisaidia?

Wiki hii sina programu mpya wala simu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze kuhusu sura ya pili. Aliyewahi kuandika tasnifu ya uzamili ananielewa. Sura ya kwanza ni utangulizi, ya tatu ni mbinu za utafiti, na katikati kuna ile inayoitwa mapitio ya maandishi, ambapo wanafunzi wengi hukwama kwa miezi. Hapo mtafiti anatakiwa aeleze waliomtangulia waliuliza nini, walipata nini, na yeye anakuja kuongeza nini.

Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi magharibi mwa Kenya, na wakati wa likizo anasomea uzamili wa elimu. Mada yake ni hii: je, vitabu vya kiada vinawasaidia watoto wa madarasa ya chini kujifunza kusoma? Msimamizi wake alimrudishia sura ya pili ikiwa na maneno machache pembeni: "Hii ni orodha. Uchambuzi uko wapi?" Akaniletea kompyuta yake nimsaidie kupanga faili. Mlikuwa na faili za PDF zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa na majina ya tarakimu tupu. Baada ya saa moja niliona kwamba tatizo lake nalijua vizuri sana. Sisi watu wa programu tunapambana nalo kila siku.

Swali moja, majibu mawili

Mwaka 1996, shirika moja lisilo la kiserikali lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso. Kati ya shule 100, shule 25 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zipate kwanza. Wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia alama za wanafunzi, na makala yao ikachapishwa mwaka 2009. Jibu lao liliwashangaza wengi: kwa wastani, vitabu havikupandisha alama. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Watafiti wenyewe walieleza kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu usichoweza kukisoma hakikufundishi kitu.

Sasa tazama mradi wa PRIMR, ulioendeshwa hapa Kenya kati ya 2011 na 2014 katika darasa la kwanza na la pili. Katika makala ya mwaka 2018, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha makundi ya shule. Kundi moja walimu wake walipata mafunzo na wakufunzi wa kuwatembelea darasani. Kundi la pili lilipata hayo pamoja na vitabu, kila mtoto na chake. Kundi la tatu liliongezewa mwongozo wa mwalimu unaoeleza somo hatua kwa hatua. Hili la tatu ndilo lililofanya vizuri zaidi. Mpango wa Tusome, ulioanza kote nchini mwaka 2015, ulijengwa juu ya mradi huo.

Mwenye makala ya kwanza pekee atakuambia vitabu ni hasara. Mwenye ya pili pekee atakuambia nunua vitabu, mambo yatanyooka. Wote wawili wana ushahidi na wote wametaja chanzo, na bado wote watakupoteza njia. Hili si jambo la chuoni tu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake. Hizo ni fedha za walipa kodi, na ni miaka ya mtoto ambayo hairudi.

Katika sura ya shemeji makala zote mbili zilikuwemo. Moja ilikuwa ukurasa wa nne, nyingine ukurasa wa kumi na moja, kama abiria wa matatu wasiojuana. "Fulani alipata hivi. Fulani alipata vile." Hakuna mahali zilipokutanishwa.

Tatizo hata kwa wakubwa

Msidhani ni wanafunzi tu. Mwaka 2015, David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walifanya jambo ambalo sisi wa programu tungeliita kupima vipimo. Walichukua mapitio 6 yaliyoandikwa na wataalamu katika miaka ya 2013 na 2014, yote yakiuliza swali moja: ni nini kinachowasaidia watoto wa nchi zinazoendelea kujifunza? Majibu makuu yalitofautiana. Wakafungua orodha za tafiti ambazo kila pitio lilitumia. Ukizijumlisha zote zilikuwa tafiti zaidi ya 220, lakini zilizoonekana katika mapitio yote sita zilikuwa 3 pekee. Karibu robo tatu zilipatikana katika pitio moja tu.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya jibu iliamuliwa kabla hata ya kusoma, pale mtu alipochagua atafute wapi, kwa maneno gani, na atupe nini. Katika programu tuna kanuni: kama mwenzako hawezi kuendesha programu yako kwenye kompyuta yake na kupata matokeo yale yale, hujamaliza kazi. Naamini mapitio ya maandishi yanastahili kanuni hiyo hiyo. Msomaji awe na uwezo wa kurudia safari yako na kuona ulipokata kona.

Daftari la utafutaji

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya na shemeji halikuwa kusoma. Tulifungua daftari. Kila utafutaji mpya unaandikwa mstari mmoja: tarehe, mahali ulipotafuta, maneno halisi uliyoandika, matokeo mangapi yalikuja, mangapi ulibakiza. Inachosha, lakini inaokoa. Google Scholar, iliyozinduliwa mwaka 2004, ni chombo kizuri cha kuanzia, ila matokeo yake hubadilika siku hadi siku na haikuonyeshi zaidi ya 1,000 ya kwanza. Usipoandika leo, kesho huwezi kueleza ulifikaje hapo.

Usitafute mahali pamoja. Hifadhi ya ERIC ya Marekani ni ya elimu tangu miaka ya 1960. Majarida ya Afrika yanapatikana kwa wingi katika AJOL, iliyoanza 1998. Tasnifu za vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, zipo katika hazina zao za mtandaoni. Hizi msiziruke. Utafiti uliopata "hakuna tofauti" mara nyingi hauchapishwi katika jarida, hubaki kwenye tasnifu. Ukisoma majarida pekee utadhani kila kitu duniani kinafanya kazi.

Na maneno nayo yana siri. Kitabu cha kiada kinaitwa kwa Kiingereza textbook, lakini wengine huandika learning materials, wengine instructional materials. Yaunganishe kwa OR, kisha uyafunge pamoja na Kenya kwa AND. Tulipofanya hivyo tulipata makala ambazo shemeji hakuwahi kuziona, na mada ni ile ile aliyoishughulikia mwaka mzima.

Kupepeta

Baada ya kukusanya, unapepeta kama mchele. Mzunguko wa kwanza unasoma kichwa na ikisiri tu. Wa pili unasoma makala yenyewe. Kila unachotupa andika sababu: "ni sekondari", "hakuna kundi la kulinganisha", "ni maoni, si utafiti". Kuna mwongozo unaoitwa PRISMA, uliotolewa 2009 na kufanyiwa marekebisho 2020, wenye mchoro unaoonyesha ulianza na ngapi, ulitupa ngapi kila hatua na ukabaki na ngapi. Tasnifu ya uzamili si lazima ifuate mwongozo wote, lakini mchoro ule peke yake humfanya msimamizi apumue.

Hapo hapo ondoa pacha. Utafiti wa vitabu vya Busia, kwa mfano, ulitoka kwanza kama rasimu ya wanauchumi mwaka 2007, kisha kama makala mwaka 2009. Ukihesabu tafiti mbili umempa shahidi mmoja kura mbili.

Tena tafiti, kama programu, zina matoleo. Mnakumbuka ule wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, wa Edward Miguel na Michael Kremer, uliochapishwa 2004? Uliripoti kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo. Waandishi walitoa data na programu zao. Timu nyingine ilipozipitia upya na kuchapisha mwaka 2015, ilikuta makosa, likiwemo moja ambalo mwandika programu yeyote atalitambua: hesabu ya shule za jirani ilikomea shule 12 za karibu, ingawa ndani ya kilomita sita zilikuwepo zaidi. Faida ya mahudhurio kwa shule zilizopewa dawa ilibaki. Kilichotikiswa zaidi ni madai kuhusu faida kwa shule za mbali, na wataalamu wakabishana kwa miaka. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na makala ya 2004 bado ni ya maana. Lakini anayeitaja bila kutaja yaliyofuata anatumia toleo la zamani.

Jedwali lililotufungua macho

Sasa kiini chenyewe. Fungua Excel au chochote ulicho nacho. Kila utafiti uwe mstari mmoja. Nguzo zetu zilikuwa hizi: waandishi, mwaka wa kuchapishwa, mwaka data zilipokusanywa, mahali, darasa, aina ya utafiti, lugha ya kitabu, kilichotolewa pamoja na kitabu, kilichopimwa, matokeo.

Nguzo ya aina ya utafiti msiidharau. Glewwe, Kremer, Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza chati za kufundishia zinazotundikwa ukutani, katika shule 178 za Kenya, na kuchapisha mwaka 2004. Ukilinganisha tu shule zenye chati na zisizo nazo, chati zinaonekana kupandisha alama sana. Zilipogawiwa kwa bahati nasibu, faida haikuonekana. Pengine shule zilizojinunulia chati zilikuwa bora tangu awali. Makala mbili zenye matokeo tofauti huenda zinatofautiana katika njia ya kupima tu.

Tulipojaza mistari ya vitabu, shemeji aliangalia nguzo mbili, ile ya darasa na ile ya kilichotolewa pamoja na kitabu. Busia 1996: madarasa ya juu kidogo, vitabu vya Kiingereza, vitabu peke yake. PRIMR: darasa la kwanza na la pili, Kiswahili na Kiingereza, mafunzo kwa mwalimu, mkufunzi na mwongozo. Akanyamaza kidogo.

"Shemeji," akasema, "kumbe hizi hazipingani."

"Zinasemaje basi?"

"Zinaniuliza mimi. Shuleni kwetu vitabu vipo, mwongozo hatuna wa kutosha, na mkufunzi hajaja muda mrefu. Sisi tuko upande gani?"

Pengo la utafiti wake likawa limejitokeza lenyewe. Jedwali halithibitishi kwamba mwongozo ndio uliofanya tofauti, kwa sababu umri, lugha na miaka pia vinatofautiana. Linakuonyesha mahali pa kuuliza. Akaandika sura upya kwa maswali: vitabu peke yake hufanya nini, vitabu na mwalimu aliyesaidiwa hufanya nini, lugha ya kitabu ina uzito gani. Majina ya watafiti yakahamia kwenye mabano, mahali pake. Msimamizi aliipokea, na safari hii maswali yake pembeni yalikuwa ya mtu anayebishana na hoja.

Vyombo

Kwa kutunza marejeo tumieni Zotero. Ni ya bure, ni programu huria, na ipo tangu 2006. Inahifadhi PDF, inakutafutia pacha, na inaandika orodha ya marejeo kwa mtindo wa chuo chako. Weka nakala ya pili kwenye flashi au mtandaoni, maana kompyuta za Kenya zinajua kuibwa.

Programu za akili unde za aina ya ChatGPT zinaweza kukupendekezea maneno ya kutafutia, na hilo ni jema. Lakini zina tabia ya kubuni makala ambazo hazipo, zikiwa na waandishi na mwaka kamili. Kanuni yangu ni fupi: makala ambayo hujaifungua kwa mkono wako haiingii kwenye jedwali.

Haba na haba hujaza kibaba. Mstari mmoja kila jioni, na baada ya muda sura ya pili inakuwa imejengeka. Wenye tasnifu, fungueni daftari leo kabla ya kupakua PDF nyingine hata moja. Kazi njema.