Likizo ya Pasaka Ufukoni mwa Uvira

Sisi tukaao Bukavu twaliona ziwa kila asubuhi. Lakini ziwa letu Kivu liko juu milimani, karibu meta 1,460, na upepo wake ni wa baridi. Maji yake hutoka kwa mto Ruzizi, yakateremka kwa kishindo mpaka ziwa Tanganyika, lililo chini kwa meta 700 hivi. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2019 tuliamua kuyafuata maji hayo, pamoja na mama wa watoto na watoto wetu watatu, tukapumzike siku tano kwa shemeji yetu, mvuvi wa Uvira.

Gari lilipita Nyangezi, likashuka makona ya Ngomo polepole, watoto wakifumba macho kila lilipokaribia genge. Kamanyola tulivua makoti. Toka hapo uwanda wa Ruzizi ulifunguka mbele yetu, na maji yaliyotuama katika mashamba ya mpunga yalimetameta juani. Tuliyasifu kwa uzuri wake. Hatukukumbuka kwamba maji ya namna hiyo ndiyo mbu wa malaria atagamo mayai yake.

Tulipofika, watoto waliukimbilia mchanga kama mbuzi waliofunguliwa. Shemeji akawaita: "Wapwa zangu, vaeni viatu mnapopita nyuma ya nyumba! Mchanga mkavu wa kivulini ndio makao ya funza." Alisema kweli. Mdudu huyo hata si mwenyeji wa kwetu. Meli iliyotoka Brazil ilimleta Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872, na katika miaka isiyofika thelathini miguu ya wachukuzi na ya askari ilikuwa imemvusha Kongo nzima hata pwani ya mashariki.

Jua lilipozama walikuja usubi, wadogo kama vumbi, wakatuuma vifundoni hata tukashindwa kuketi. Tulijipaka mafuta, tukachoma mchaichai, tukavaa soksi ndefu. Jioni nzima ilikuwa vita. Wadudu wengine waliizunguka taa kama wingu, na binti yetu mdogo akalia kwa hofu. Shemeji alicheka, akasema: "Hao hawaumi mtu, mama. Wanapenda mwanga tu, kama ndagala."

Usiku tulitundika vyandarua viwili vyenye dawa, tulivyovichukua kutoka nyumbani, na watu wote wakalala ndani yake. Siku ya tatu joto lilizidi. Kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mmoja, akatuomba: "Baba, niruhusu nilale barazani, nipate kuziangalia taa za wavuvi." Na kweli zilikuwa za kupendeza, zimetandazwa juu ya maji kama mji mzima. Mama akauliza: "Na chandarua je?" Tulimjibu kwamba usubi wamekwisha kwenda zao, upepo wavuma, na usiku mmoja si kitu. Asubuhi kijana aliamka na furaha, wala hakujikuna hata mara moja. Tukajiona tumefanya vema.

Tulirudi Bukavu, shule zikafunguliwa. Siku ya kumi na moja tangu usiku ule wa barazani, kijana alishikwa na homa. Tulidhani ni mafua ya baridi, tukampa kidonge cha kutuliza homa, tukaenda kazini. Kesho yake alitetemeka hata kitanda kikalia, akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Ndipo mama wa watoto alipotutazama, akasema kwa sauti ndogo: "Baba, si ule usiku wa barazani?"

Hatukukawia tena. Tulimbeba mgongoni hadi dispanseri. Muuguzi alimchoma kidole, akatia tone la damu katika kipimo, na kabla ya nusu saa akatuonyesha mstari: malaria. Kijana alipewa dawa ya mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, akainywa siku tatu bila kukosa, naye akapona. Muuguzi alitueleza kwamba watoto wa milimani, wasiozoea malaria, huweza kulemewa upesi sana. Siku moja zaidi ya kungoja ingaliweza kutuletea kilio.

Aibu yetu ni kubwa, kwa kuwa sisi ni mwalimu. Darasani twafundisha kwamba mwaka 1897, kule Uhindi, Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Twafundisha kwamba anayeuma ni mbu jike, kwamba mbu wa malaria huuma zaidi tangu jioni hata alfajiri, na kwamba homa yaweza kungoja siku kumi au kumi na tano kabla ya kutokea. Lakini ufukoni tuliwapiga vita wale waliotuwasha, tukamfungulia mlango yule tusiyemsikia.

Basi, wazazi wapenzi, mkienda ziwani au baharini, chandarua kiwe kitu cha kwanza katika mzigo. Shoneni matundu yake, ingizeni kingo zake chini ya mkeka au godoro. Jioni vaeni nguo za mikono mirefu. Mwenye dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, ajipake. Na mtu akipata homa katika majuma yanayofuata safari, mpelekeni apimwe siku ile ile, mkamwambie muuguzi mahali mlipolala. Si jambo dogo: wataalamu walikadiria kwamba tangu 2000 hata 2015 vita dhidi ya malaria vilizuia barani Afrika magonjwa milioni 663, na katika kila 100 yaliyozuiwa, 68 yalizuiwa na vyandarua vyenye dawa.

Alipopata nguvu za kuketi na kunywa uji, kijana alituuliza: "Baba, kumbe ulijua habari za mbu. Mbona hukunikatalia?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile, katika kila safari ya jamaa yetu, yeye ndiye atundikaye vyandarua, nasi twaingia kulala kwa amri yake.