Ngomeni, Penye Madishi

Kutoka Malindi nilipanda matatu ya Garsen, nikateremka Gongoni na kuchukua bodaboda. Njia ya Ngomeni inapita kwenye mabwawa ya chumvi, marundo meupe huku na huku, hata macho yakaniuma. Kisha yakachomoza madishi ya kituo cha anga, na kule baharini majukwaa ya San Marco, chuma kimeshika kutu, yaliyokuwa yakirusha roketi za Waitaliano hadi 1988.

Roketi sikuzifuata mimi. Nilifuata madishi, maana kituo hiki ndicho kilichokuwa kikipokea data za BeppoSAX, satelaiti ya Waitaliano na Waholanzi. Katika kila mzunguko wake, wa dakika 96 hivi, ilipita juu ya pwani hii, ikamwaga ilichokiona, nazo data zikapelekwa Roma. Februari 28, 1997, zilibeba mlipuko wa miale ya gama.

Milipuko hii ilinaswa mara ya kwanza mwaka 1967 na satelaiti za kijeshi za Marekani. Lakini huwaka kwa sekunde chache ikazimika, na miale ya gama peke yake haisemi imetoka umbali gani. Wataalamu wakabaki wakibishana: ni jirani zetu, au ni mbali kusikofikirika?

Safari hii BeppoSAX ilionyesha mahali. Usiku wa tarehe hiyohiyo darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma, ikapiga picha; Machi 8 ikapigwa nyingine. Ukiziweka pamoja, ya kwanza ina nukta ya mwanga, ya pili haina. Ni hiyo tu, na mimi naona hakuna picha tamu kuliko hizo mbili.

Nukta ile ni mabaki ya mlipuko: mata iliyorushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga ikigonga gesi iliyo mbele yake. Hufifia kwa siku kadhaa, ndiyo maana darubini huiwahi. Mei mwaka huohuo, huko Hawaii, mwanga wa mlipuko mwingine ulichambuliwa ukakutwa na alama za chuma na magnesi zilizosogea kuelekea wekundu, ishara kwamba ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 6. Mwaka 2003, ndani ya mwanga wa aina hiyo ikajitokeza nyota kubwa iliyolipuka ikifa.

“Na ikilipuka karibu na sisi?” akauliza dereva wangu.

Nikamweleza kwamba mwanga ule ukififia ghafla huonyesha mlipuko ulirushwa kwa mkondo mwembamba, kama tochi. Mingi inatokea na hatuioni kabisa, kwa kuwa haikutumulika.

“Basi mzee, isitumulike,” akasema, akapiga kiki.